Gari Bado Jipya, Injini Kila Siku Gereji: Ufanye Nini?

Gari limenunuliwa juzijuzi tu. Rangi inang'aa, viti bado vina nailoni, na namba ya usajili ni ya herufi E. Hata hivyo, kila likipanda mlima kutoka Mbamba Bay kwenda Mbinga, mshale wa joto unapanda nalo. Fundi analishughulikia, linakaa wiki mbili, kisha tatizo linarudi lilelile. Fundi wa pili anabadilisha kifaa kingine. Wiki tatu baadaye, hali ni ileile.

Kwa wengi wetu huku mwambao wa Ziwa Nyasa, gari si la starehe. Limenunuliwa kwa fedha za kahawa, za dagaa au za mkopo, na linategemewa kusafirisha abiria na mizigo. Gari likilala gereji, marejesho ya mkopo hayalali. Ndiyo maana katika makala haya tunaeleza kwa nini injini ya gari linaloonekana jipya husumbua mara kwa mara, namna ya kutafuta chanzo, na haki ulizonazo mbele ya aliyekuuzia.

"Jipya" maana yake nini?

Tuanze na neno lenyewe. Magari mengi tunayoyaita mapya yametumika kwanza nje ya nchi, hasa Japani. Herufi kwenye namba ya usajili inaonyesha limesajiliwa lini Tanzania, haisemi limetengenezwa mwaka gani. Gari linaweza kuwa na miezi sita hapa nchini na miaka kumi barabarani.

Kilomita kwenye dashibodi nazo zinaweza kurudishwa nyuma na watu wasio waaminifu. Kwa hiyo kabla ya kununua, omba nakala ya cheti cha kusafirishia gari kutoka Japani. Mara nyingi huwa na kilomita zilizosomwa wakati wa ukaguzi wa huko. Linganisha na dashibodi. Angalia pia pedali za breki, usukani na kiti cha dereva. Gari lililotembea kilomita 40,000 halitarajiwi kuwa na pedali iliyolika hadi ikawa laini.

Kumbuka pia kwamba ukaguzi wa magari yaliyotumika yanayoingia nchini unahusu zaidi usalama barabarani: breki, taa, matairi, usukani. Gari kupita ukaguzi si ahadi kwamba injini yake haitasumbua.

Kwa nini tatizo linarudi?

Tatizo likirudi lilelile baada ya matengenezo, mara nyingi maana yake ni moja: kilichotibiwa ni dalili, chanzo bado kipo. Tuchukue mfano wa gari linalochemsha.

Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, na mji wa Mbinga uko juu ya mita 1,000. Barabara ya lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay ina urefu wa takriban kilomita 66, na sehemu kubwa ni milima na kona. Injini yenye kasoro ndogo ya kupoza inaweza kutembea mjini mwezi mzima bila kujulikana. Mlima huu ndio unaoifichua.

Maji ya kawaida huchemka nyuzi 100 pwani, na kila ukipanda kama mita 300 huchemka kwa joto pungufu la karibu nyuzi moja. Ndani ya rejeta, mfuniko hubana mvuke na kuongeza shinikizo, hivyo maji yanaweza kukaribia nyuzi 120 kabla ya kuchemka. Mfuniko ukiwa na mpira uliochoka, kinga hiyo inapotea. Kifaa hiki cha bei ndogo husahaulika, huku mwenye gari akinunuliwa rejeta nzima.

Mafundi wengi wana mazoea ya kutoa themostati, ile valvu inayozuia maji kuzunguka mpaka injini ipate joto. Gari linaonekana kupona kwa muda. Lakini injini inachelewa kupata joto lake, inatumia mafuta mengi zaidi, na kasoro halisi inabaki pale pale. Kujaza maji ya kisima au ya ziwa nako huleta kutu na uchafu unaoziba njia za maji. Tumia kulanti inayotajwa kwenye kitabu cha gari.

Kama maji yanapungua bila kuonekana yanapovujia, mwambie fundi apime gasketi ya silinda hedi. Dalili zake ni mapovu yasiyoisha kwenye rejeta injini ikiunguruma, moshi mweupe mzito hata injini ikiwa ya moto, au oili yenye rangi ya chai ya maziwa. Ukiona dalili hizi, usiendelee kusafiri. Na usifungue kamwe mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Maji yanaruka na kuunguza.

Taa ya injini haitaji mkosaji

Magari ya sasa yana sensa nyingi na kompyuta inayozisoma. Kitu kikienda kombo, taa ya injini inawaka na kompyuta inahifadhi namba ya kosa. Fundi mwenye mashine ya kupimia anaisoma namba hiyo. Siku hizi vipo hata vifaa vidogo vinavyochomekwa chini ya usukani na kutuma taarifa kwenye simu, ingawa baadhi ya magari ya Japani ya zamani hayaelewani navyo.

Namba ya kosa inakuonyesha pa kuanzia kutafuta. Haikuambii kifaa gani kimeharibika. Kwa mfano, namba P0171 inasema hewa ni nyingi kuliko mafuta. Chanzo chaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka, pampu ya mafuta iliyochoka, filta iliyoziba au sensa chafu. Fundi anayesoma namba na kuagiza sensa papo hapo bila kupima anabahatisha kwa fedha yako.

Kabla makosa hayajafutwa kwenye mashine, piga picha ya kioo chake. Taa ikizimwa kwa kufuta namba tu, kasoro haijaondoka, ila ushahidi umeondoka.

Oili, mafuta na vumbi

Mambo matatu ya kawaida huua injini nzuri.

La kwanza ni oili isiyo yake. Injini nyingi mpya za Japani zimetengenezwa kutumia oili nyepesi, kama 0W-20 au 5W-30. Gereji nyingi humimina oili nzito ya 20W-50 katika kila gari. Katika injini ambayo valvu zake zinaongozwa kwa nguvu ya oili, uzito usiofaa unaweza kuleta kelele asubuhi na kuwasha taa ya injini. Soma kitabu cha gari au mfuniko wa oili. Pima kiwango kwa dipstiki kila wiki, gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa dakika kadhaa.

La pili ni mafuta machafu. Neno "uchakachuaji" lilivuma nchini kwa sababu ya petroli na dizeli kuchanganywa na mafuta ya taa. EWURA ilianzisha utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya ipungue. Kwa macho huwezi kuona mafuta ya taa ndani ya dizeli. Maji unaweza kuyaona: weka mafuta kidogo kwenye chupa safi ya kioo, yaache yatulie, na maji yatakaa chini. Kama gari limeanza kukohoa muda mfupi baada ya kujaza tangi, tunza risiti na sampuli, kisha toa taarifa EWURA. Epuka mafuta ya madumu pale unapoweza kufika kituoni.

La tatu ni vumbi. Ukitoka kwenye lami na kuingia barabara za vijijini, filta ya hewa inaziba mapema kuliko kitabu kinavyosema. Ikiwa imechanika au haikai vizuri, vumbi linaingia kwenye silinda na kusaga pistoni. Ikague kila unapobadilisha oili.

Daftari la gari

Silaha kubwa ya mwenye gari ni daftari la shilingi chache. Kila tatizo likitokea, andika tarehe, kilomita, mahali, kama ulikuwa mlimani au tambarare, kama injini ilikuwa baridi au moto, na mzigo uliobeba. Baada ya matengenezo, andika jina la fundi, alichopima, alichobadilisha na bei. Rekodi video fupi ya sauti, moshi au dashibodi kwa simu yako, kwa sababu gari lina tabia ya kupona mara tu likifika kwa fundi.

Mwambie fundi akurudishie kifaa cha zamani. Omba pia abadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Vikibadilishwa vitano kwa mpigo na tatizo likaisha, hutajua kipi kilikuwa kibovu, na umelipia vinne bure.

Haki yako kwa muuzaji

Kama gari ni jipya kabisa kutoka kwa muuzaji rasmi, soma waranti kabla ya jambo lolote. Nyingi hutaka huduma zifanywe kwenye gereji inayotambuliwa, kwa vipindi maalumu. Fundi wa nje akifungua injini, muuzaji anaweza kukataa dai lako. Songea au Dar es Salaam ni mbali, lakini peleka malalamiko kwa maandishi mapema, hata kwa barua pepe au ujumbe wa simu, kabla muda wa waranti haujaisha.

Kama umenunua yadi, bado una kinga. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 zinamtaka mfanyabiashara auze kitu kinacholingana na alivyokieleza na chenye ubora unaostahili. Maneno "mali ikishauzwa hairudishwi" kwenye risiti hayafuti haki uliyopewa na sheria. Lakini kasoro uliyoonyeshwa ukaikubali ni ngumu kuidai baadaye, na ukikaa kimya miezi mingi ukiendelea kulitumia gari, dai linadhoofika.

Kununua kwa mtu binafsi kuna kinga ndogo zaidi. Hapo andikeni mkataba mbele ya mashahidi, na hali ya injini itajwe humo.

Muuzaji akigoma, peleka daftari, risiti ya EFD na picha zako Tume ya Ushindani, FCC. Huna uwezo wa kumlipa wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria. Uliza ofisi ya maendeleo ya jamii katika halmashauri yako.

Lini useme basi?

Kabla ya kukubali kufungua injini, taka kipimo cha mgandamizo wa silinda na maoni ya fundi wa pili. Linganisha gharama zote na bei ya injini iliyotumika. Ukiamua kubadilisha injini, dai karatasi zake na upeleke taarifa TRA, kwa kuwa namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Usipofanya hivyo, siku ya kuliuza au ya kusimamishwa na polisi utakuwa na maelezo mengi ya kutoa.

Kama gari lako linasumbua leo, anza na hatua isiyo na gharama: fungua daftari, andika tarehe na kilomita, na usiruhusu kifaa chochote kibadilishwe kabla fundi hajakuonyesha kipimo kilichomfanya akishuku.