Wazee wa Milimani na Presha Yetu Mjini

Hadithi za watu wa milimani wanaoishi miaka 120 na zaidi ni nyingi. Vilcabamba, nchini Ekuado, ilisifiwa hivyo hadi watafiti wa miaka ya 1970 walipogundua kuwa wazee wengi walikuwa wameongeza umri wao.

Katika milima ya Sardinia, Italia, watafiti walikagua vyeti vya kuzaliwa, na mwaka 2004 wakachapisha matokeo: wanaume wa huko wanaofikisha miaka 100 ni wengi kuliko kawaida. Wengi walikuwa wachungaji na wakulima. Walipanda na kushuka mlima kila siku, wakala maharagwe, mboga, mkate wa nafaka na maziwa. Nyama ilikuwa ya sikukuu.

Urefu wa mlima pekee hautoshi. Nairobi yenyewe iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na bado presha inatusumbua.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1990 uliwafuata Wajaluo waliohamia Nairobi kutoka vijiji vya karibu na Ziwa Victoria. Presha yao ilianza kupanda miezi michache tu baada ya kufika, ikawa juu kuliko ya wenzao waliobaki nyumbani. Vipimo vya mkojo vilionyesha chumvi imezidi na potasiamu, inayopatikana kwenye mboga na matunda, imepungua. Watu ni wale wale. Kilichobadilika ni maisha.

Mkazi wa Kaloleni anaweza kufanya nini?

• Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, kwa kila mtu mzima. Usiongeze mezani. Punguza chipsi, smoki na supu za pakiti.
• Nunua managu, terere, saga au kunde sokoni Muthurwa. Githeri na maharagwe ni chakula cha maisha marefu.
• Tembea kwa kasi angalau dakika 30, siku tano kwa wiki. Kushuka matatu kituo kimoja mapema ni mwanzo mzuri.
• Acha sigara na upunguze pombe.

Presha mara nyingi haina dalili. Wengi huijua wakishapatwa na kiharusi. Wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba wamepewa mashine za kupima presha na sukari. Akibisha hodi, mkaribishe akupime. Ukiwa tayari una dawa, usiziache bila kumwona daktari, hata kama unajisikia vizuri.