Tamasha au Miviga: Lugha ya Habari na Sherehe za Mlima Meru

Neno tamasha lina nasaba katika Kiajemi, ambamo hubeba dhana ya kutazama. Katika Kiswahili pia, penye tamasha pana mtazamaji, mtu aliyekuja kuona na ambaye ataondoka. Hapo ndipo tatizo la vyombo vya habari linapoanzia, hasa Arusha, jiji lililozoea wageni wenye kamera.

Miteremko ya Mlima Meru ni makao ya Waarusha na Wameru. Wameru husema lugha ya Kibantu iliyo karibu na Kichaga. Waarusha husema Kimaa, na mfumo wao wa marika ni wa asili moja na ule wa Wamasai. Lakini wao ni wakulima wa migomba na mahindi tangu zamani. Gazeti linapochapisha picha ya vijana wa Kiarusha wakipanda rika, maelezo yake huelekea kuwa ya namna hii: Wamasai katika tamasha la utamaduni. Ni maneno matano, na makosa mawili.

Kosa la kwanza humfuta mkulima. Wanahabari si wa kwanza kulitenda: P. H. Gulliver, katika kitabu chake cha mwaka 1963 kuhusu Waarusha, aliwaita kwenye kichwa chenyewe Wamasai wakulima. Hata hivyo, kitabu hichohicho kinaonyesha jinsi marika na koo zinavyotumika kuamua migogoro. Kwa hiyo kosa la pili ndilo zito zaidi. Kupanda rika hubadili haki za mtu, wajibu wake na uzito wa kauli yake barazani. Mwandishi anayeliita tendo hilo tamasha hajamtukana mtu. Ameligeuza onyesho, na msomaji wa Dar es Salaam hana njia ya kujua kilichotendeka. Redio nayo hutangaza kwa Kiswahili au Kiingereza, hivyo istilahi za Kimaa hazimfikii msikilizaji ila kwa hisani ya mtangazaji.

Si kwamba tamasha ni neno la kukataliwa. Michezo ya Wamasai iliyoanzishwa Kimana, Kenya, mwaka 2012, ili vijana washindane kwa mbio na kurusha rungu badala ya kuwinda simba, ni tamasha kweli, maana watazamaji wamealikwa. Lakini mwaka 2018, UNESCO ilipoorodhesha miviga mitatu ya Wamasai kwa ombi la Kenya, iliitaja kwa majina yake: Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr.

Kiswahili chenyewe hakina uhaba. Kina jando, unyago, ngoma na hilo miviga, ambalo hadi leo husikika zaidi katika madarasa ya fasihi simulizi kuliko katika taarifa ya habari.