Rwanda kwa Baiskeli: Njia Tulivu za Nchi ya Vilima

Mtu atokaye Buseresere akaishika barabara ya magharibi, akapita Bwanga na Biharamulo, akaiacha Lusahunga nyuma yake na kuteremka kutoka Benako, humkuta Kagera penye maporomoko ya Rusumo, mahali ambapo mto huo hubanwa na miamba pande mbili na ambapo sasa pamejengwa mitambo ya umeme wa megawati 80, unaogawanywa baina ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Ng'ambo ya daraja huanza nchi ambayo sisi watu wa ukanda wa Geita tunaijua kwa masimulizi ya madereva kuliko kwa macho yetu. Na dereva, kwa heshima yote anayostahili, si shahidi wa kutegemewa katika jambo hili, kwa kuwa yeye huijua lami, mizani, maegesho na mama lishe, kisha hurudi akidai kuwa ameiona Rwanda. Rwanda yenyewe iko juu, katika migongo ya vilima, kwenye barabara za udongo ambazo lori halina haja nazo, na chombo kinachozifaa barabara hizo ni baiskeli.

Kwa eneo nchi hii ni ndogo, kilomita za mraba 26,338, takriban theluthi moja ya mkoa wa Tabora. Lakini udogo huo ni wa ramani tu, maana ardhi yake imekunjamana kama turubai lililotupwa chini, na mwendo ambao ndege angeumaliza kwa saa moja humchukua mpanda baiskeli mchana kutwa. Kutoka tambarare za Akagera upande wa mashariki nchi hupanda kidogo kidogo hata Kigali, penye mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kisha huinuka bila huruma mpaka kwenye safu igawayo maji yaendayo Kongo na maji yaendayo Nile, ambayo aghalabu hupita mita 2,000. Na baada ya hapo huporomoka ghafula mpaka Ziwa Kivu, ambalo nalo limekaa mita 1,460, juu ya Ziwa Victoria letu kwa zaidi ya mita 300. Kaskazini husimama volkano za Virunga, na Karisimbi, mkubwa wao, ana mita 4,507.

Ipo sababu ya historia ya nchi hii kupatikana juu ya vilima wala si mabondeni. Zamani sehemu kubwa ya mabonde ilikuwa vinamasi vya mafunjo, penye mbu na baridi ya alfajiri, na kwa hiyo watu walijenga juu, kila ukoo na kilima chake, na wakapita juu kwenda kutembeleana, kuoana, kupeleka ng'ombe na kwenda vitani. Barabara nyingi za udongo zimezifuata njia hizo za migongoni. Kila serikali inapotandika lami mpya, mathalan ile ya kandokando ya Kivu iliyokamilishwa katika miaka ya karibuni, mabasi na malori huhamia huko, na barabara kuukuu hubaki kwa mbuzi, watoto wa shule, akina mama wenye mafurushi vichwani, na yeyote aliye na magurudumu mawili na pumzi ya kutosha.

Mkoa wa kwanza baada ya mpaka, ulioitwa Gisaka katika zama zilizopita, unatuhusu sisi kuliko wengi wanavyojua. Ulikuwa ufalme wa peke yake mpaka ulipotekwa na wafalme wa Rwanda katika karne ya 19. Mwaka 1894 alipita hapa Mjerumani von Götzen, aliyevuka Kagera kwa upande huu na kwenda kumkuta Mwami Kigeli Rwabugiri magharibi ya nchi. Na tangu zama hizo mpaka mwaka 1916, Wabelgiji walipoingia, Rwanda na Usukuma zilikuwa chini ya bendera moja ya Kijerumani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia Waingereza waliipata Gisaka na kuiunga na Tanganyika, kwa kuwa waliitamani ardhi ya kupitishia reli yao ya kutoka Cape mpaka Cairo. Mwami Yuhi Musinga alilalamika, wamisionari wakalalamika, na baada ya miaka michache Gisaka ikarudishwa kwa Wabelgiji. Reli haikujengwa. Hivyo mpanda baiskeli wa Buseresere apandaye kutoka Rusumo kwenda Kirehe na Kibungo anapita katika nchi ambayo, lau mambo yangekwenda vingine, ingekuwa wilaya ya Tanzania.

Hapo Nyakarambi, katika Kirehe, inafaa kushuka na kuegemeza baiskeli ukutani ili kuitazama kazi iitwayo imigongo. Fundi huchukua samadi mbichi ya ng'ombe, akaichanganya na majivu, akaipaka juu ya ubao na kuifinya kwa vidole mpaka ikasimama mistari ya matuta membamba, ya pembe na ya mzunguko. Ikikauka huisugua mpaka ikawa laini, kisha huipaka rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Masimulizi humtaja Kakira, mwana wa mfalme wa Gisaka, kuwa ndiye aliyeianzisha kwa kuzipamba kuta za nyumba yake. Msukuma, ambaye ng'ombe kwake ni mali na heshima, atautazama ubao ule kwa jicho tofauti na la mtalii wa Ulaya.

Lakini barabara hiyo hiyo ndiyo iliyopitiwa na watu wapatao 250,000 waliovuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja, mwishoni mwa Aprili 1994, wakaja Benako; na ndio mto huo huo uliochukua maiti za waliouawa hata Ziwa Victoria, na wazee wa kandokando ya ziwa hilo wangali wanalikumbuka jambo hilo. Msafiri ataona mabango ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari karibu katika kila wilaya. Adabu ni kusimama, kuvua kofia, na kutouliza mwenyeji yaliyomfika yeye binafsi mpaka atakapoyasema mwenyewe.

Kutoka Kayonza na Rwamagana, badala ya kuendelea na lami mpaka Kigali, afadhali kuteremka ziwani Muhazi, ziwa jembamba refu lililolala bondeni mfano wa mto uliosahau kutiririka, na kuifuata njia ya udongo ya kando yake kwenye migomba na mihogo. Juu ya ziwa hilo kiko kilima cha Gasabo, ambacho kwa mapokeo ya Wanyarwanda ndicho kitovu cha dola yao. Hakuna ngome wala mnara wa kutisha. Dola za huku zilijengwa kwa miti, nyasi na watu, na vitu hivyo havibaki magofu.

Kigali nitaipita kwa haraka, si kwa kuidharau. Iliasisiwa mwaka 1907 na Mjerumani Richard Kandt, daktari aliyeifikia nchi hii kupitia Tabora, na wapagazi, askari na wafanyabiashara waliotoka kwetu na pwani ndio walioujaza mtaa wa Nyamirambo, ulio na msikiti tangu mwaka 1913 na ambako Kiswahili kingali kinasikika barazani. Mji huu ndio uliopewa mashindano ya ubingwa wa dunia wa baiskeli za barabarani mwezi Septemba 2025, ya kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika. Wanaume walikimbia kilomita 267.5 kwa kupanda na kuteremka vilima hivi, na waliofika mwisho walikuwa 30 tu, Tadej Pogačar wa Slovenia akitangulia. Kwa wanawake ushindi ulikwenda kwa Magdeleine Vallieres wa Kanada. Kile kipande cha mawe walichokiita Ukuta wa Kigali kiko wazi kwa kila mtu, wala hakuna kiingilio, na asiyeweza kukimaliza juu ya kiti atakuta wenyeji nao wanashuka na kusukuma.

Johari ya nchi hii kwa mpanda baiskeli, hata hivyo, ni njia ya Kivu, ambayo Wanyarwanda wameipa jina la mito miwili, Kongo na Nile, kilomita 227 kutoka Rubavu upande wa kaskazini mpaka Rusizi upande wa kusini. Mwenye miguu mizuri huimaliza kwa siku tano. Kutoka Rubavu hupita chemchemi za maji moto za Nyamyumba, ambako watu hukaa majini mchana kutwa wakiamini kuwa maji yale hutibu viungo. Kisha njia hujipinda katika rasi na ghuba, mara imeshuka mpaka mchangani, mara imepanda mpaka ziwa likaonekana chini limejaa visiwa. Kinunu kuna mitambo ya kuoshea kahawa, na wakati wa mavuno harufu ya maganda yaliyochacha humpokea msafiri kabla hajaiona nyumba yoyote. Jioni huondoka mitumbwi ya wavuvi, mitatu mitatu imefungwa pamoja kwa miti, na miti mingine mirefu imetokeza mbele na nyuma kubeba wavu. Wavuvi hupiga kasia kwa kuimba, na usiku taa zao hutanda ziwani. Wanachokitafuta ni sambaza, naye si mgeni kwetu: ni dagaa wa Ziwa Tanganyika, aliyeletwa Kivu na wataalamu mwishoni mwa miaka ya 1950, akastawi kiasi cha kuwa chakula cha kila siku cha watu wa pwani zote mbili za ziwa hilo. Ukimla Karongi, amekaangwa mkavu na kukamuliwa ndimu, utadhani uko Kigoma.

Juu ya Karongi, kwa yule asiyeogopa kupanda, viko vilima vya Bisesero, ambako mwaka 1994 maelfu ya watu walikusanyika na kuwakabili wauaji kwa mawe na mikuki kwa majuma mengi kabla ya wengi wao kuangamia. Kumbukumbu yao, ambayo tangu mwaka 2023 imo katika orodha ya urithi wa dunia pamoja na za Nyamata, Murambi na Gisozi, imejengwa juu ya mteremko mkali kwa makusudi, ili anayeipanda auhisi mlima katika magoti yake. Kusini zaidi, karibu na Shangi, ndiko Wajerumani walikoweka kituo chao mwaka 1898.

Mbali na njia ya Kivu, Nyanza, iliyokuwa makao ya wafalme tangu mwaka 1899, ina ng'ombe wa inyambo wenye pembe ndefu kupita kiasi, waliofundishwa kutembea kwa madaha, na kwa ajili ya hao peke yao safari inastahili. Nyungwe ni msitu mzuri, lakini barabara yake ni lami, ina baridi, na kwa masafa marefu haina kijiji cha kununulia chai. Njia za kando ya maziwa pacha ya Burera na Ruhondo, karibu na Musanze, zinashinda Nyungwe kwa mbali: udongo mweusi wa volkano, viazi mviringo pande zote, na volkano ya Muhabura imesimama mbele.

Ni huko Musanze ambako Wanyarwanda, wakisaidiwa na Mmarekani Jonathan Boyer, walijenga kituo cha kuwanoa waendeshaji wao. Mashindano ya kuizunguka nchi yalianza mwaka 1988. Yalipoingia katika kalenda ya kimataifa mwaka 2009 Wanyarwanda walikuwa wakishindwa nyumbani kwao, mpaka Valens Ndayisenga aliposhinda mwaka 2014, na baada yake Nsengimana, Areruya na Mugisha. Wengi wa vijana wa namna hii miguu yao imekomazwa na kazi: kubeba abiria, magunia ya viazi, mikungu ya ndizi na madumu ya maziwa juu ya keria. Na hapa sina budi kusema lililo moyoni. Shinyanga na Kahama zimejaa vijana wa daladala za baiskeli, na katika Katoro na Buseresere mtu hupakia mkaa mpaka gurudumu la mbele likawa jepesi, akaenda nao masafa ambayo bingwa wa Ulaya angeyaona adhabu. Lakini kwetu baiskeli imebaki dalili ya kukosa pikipiki. Majirani zetu, wenye nchi ndogo na vilima vikali zaidi, wameifanya fahari ya taifa. Upungufu wetu hauko miguuni.

Kwa atakayekwenda, miezi ya Juni mpaka Agosti ndiyo mikavu. Masika huugeuza udongo mwekundu kuwa utelezi, na tope hujaa chini ya madigadi hata gurudumu likagoma. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi asubuhi watu wote huwa katika umuganda, kazi ya pamoja ya kijiji, na safari husubiri. Kiswahili ni lugha rasmi tangu mwaka 2017, lakini juu vilimani kitamfaa kidogo, na maneno machache ya Kinyarwanda ya salamu yatamfungulia milango mingi. Saa arudishe nyuma kwa saa moja, mifuko ya plastiki aiache nyumbani kwa kuwa imepigwa marufuku tangu mwaka 2008, na Phoenix isiyo na gia asiende nayo ila kama yu radhi kuisukuma nusu ya safari. Akague breki zote mbili, achukue viraka na solusheni ya kutosha, na akishalivuka daraja la Rusumo ashike mkono wa kulia wa barabara, maana huko hakuna apitaye kushoto.