Wati 10,000 Katika Sanduku: Jinsi ya Kupima Thamani ya Amplifaya ya Nyumbani

Msimu wa pamba umalizikapo, fedha huingia katika nyumba nyingi za Songwa, wilayani Kishapu. Baada ya kununua mabati na kulipa mahitaji ya shule, baadhi ya familia hupanda basi kwenda Shinyanga mjini kutafuta chombo cha kukuza sauti ya televisheni, yaani sabufa na spika zake, au risiva kamili ya sinema ya nyumbani. Tuchukue mfano wa mnunuzi anayekuta dukani masanduku mawili ya bei sawa. Moja limeandikwa kwa herufi kubwa "10,000 W PMPO". La pili limeandikwa "2 x 25 W RMS". Ni rahisi kuvutwa na lile la kwanza. Je, ni kweli kwamba lina thamani zaidi? Swali hili halihitaji fundi. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aweza kulijibu.

Ushahidi wa plagi

Uwezo wa umeme, kwa wati, ni volti zikizidishwa kwa ampia. Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni wa volti 230. Kwa hiyo chombo kinachotumia wati 10,000 mfululizo kingehitaji mkondo wa ampia 43 na ushei. Lakini plagi ya kawaida ya pini tatu hubeba ampia 13 tu, ambazo ni sawa na wati 2,990. Plagi yenyewe, basi, inalikanusha sanduku.

Ushahidi wa pili uko mgongoni mwa chombo, katika kibandiko kidogo ambacho watu hawakisomi. Tuseme kimeandikwa "230 V, 50 Hz, 60 W". Maana yake ni kwamba chombo hicho huvuta wati 60 hivi kutoka ukutani. Sehemu ya nishati hiyo hugeuka joto. Kwa hiyo sauti inayoweza kudumu haiwezi kupewa zaidi ya wati 60, na kwa kawaida itapewa pungufu ya hizo.

Bwawa na maji yake

Msomaji aweza kuuliza: hiyo 10,000 imetoka wapi? Wakazi wa Songwa wanao mfano karibu nao, nao ni bwawa. Bwawa hupokea maji ya mvua na kuyatunza. Likifunguliwa lote kwa ghafla, maji yatatoka kwa kasi kupita mto unaoliingia. Lakini kasi hiyo haidumu, wala jumla ya maji yanayotoka haiwezi kuzidi jumla ya yaliyoingia. Ndani ya amplifaya, kazi ya bwawa hufanywa na kapasita: hutunza chaji, kisha huitoa haraka pigo la ngoma linapohitaji.

Herufi PMPO hudai kueleza kilele cha mfumuko wa namna hiyo, unaodumu kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Kipimo hicho hakina kanuni moja inayokubaliwa, na kila mtengenezaji huweza kukikokotoa apendavyo. RMS, kwa lugha ya biashara, ni uwezo wa wastani unaoweza kudumu. Udanganyifu wa tarakimu si jambo geni: mwaka 1974 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilitoa kanuni ya kuwalazimisha wauzaji kutangaza uwezo unaodumu, pamoja na kiwango cha sauti kuharibika. Kanuni hiyo ilirekebishwa mwaka 2024.

Sikio halihesabu wati

Hata wati za kweli zina mipaka ya faida. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Kuongeza wati maradufu huongeza desibeli 3 tu. Ili sikio lione kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, huhitajika takriban desibeli 10, yaani wati mara kumi.

Tuchukue spika inayotoa desibeli 85 kwa wati 1, ikipimwa umbali wa meta 1. Mahali pa wazi, msikilizaji aliye meta 4 atapata desibeli 73, kwa kuwa kila umbali unapoongezeka maradufu hupungua desibeli 6. Tukiipa wati 16, atapata tena 85. Hicho ndicho kiwango ambacho katika viwanda vya nchi nyingi huhesabiwa kuwa hatari kwa masikio kikiendelea saa 8 kwa siku. Basi wati 25 halisi zinatosha sebule ya kawaida.

Fedha ielekezwe wapi?

Kwanza, spika. Spika ya desibeli 88 ikipewa wati 25 hulingana na ya 85 iliyopewa wati 50. Pili, ukinzani: amplifaya iliyoundwa kwa spika za omu 8 ikifungwa spika za omu 4 huvutwa mkondo mwingi zaidi, na huweza kuungua. Tatu, matundu ya kuunganishia: hakikisha yanaafikiana na televisheni na king'amuzi ulivyo navyo. Nne, dhamana ya maandishi na fundi aliye karibu. Kwa risiva kubwa zenye spika tano au saba, uliza pia wati zilizotajwa zilipimwa spika ngapi zikifanya kazi pamoja. Mara nyingi huwa ni mbili tu.

Mwalimu aweza kuwaagiza wanafunzi wanakili vibandiko vya redio na sabufa za kwao, kisha darasani walinganishe wati za mgongoni na zile za sandukuni. Watajifunza kanuni ya nishati, na mwakani, pamba itakapouzwa, mzazi atakwenda dukani akiwa na mshauri.