Rekodi vipindi kwa king'amuzi chako cha zamani, na usivipoteze

Familia nyingi bado zinatumia ving'amuzi vilivyonunuliwa Kenya ilipohamia matangazo ya dijitali mwaka 2015. Ving'amuzi vingi vya aina hiyo vina tundu la USB, na tundu hilo linaweza kurekodi vipindi. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, masomo yalipeperushwa kwa televisheni. Mwanafunzi aliyekuwa shambani au sokoni saa hiyo alikosa somo. Mwenye flashi angeweza kulirekodi na kulitazama jioni.

Kuandaa flashi

Tumia flashi ya GB 16 au 32. Chomeka, fungua menyu ya USB kisha uifomati kwa mfumo wa FAT32. Tahadhari: kufomati hufuta kila kitu. Ikiwa ina picha za harusi au stakabadhi, zihamishe kwanza.

Kwa FAT32, faili moja haiwezi kuzidi GB 4. Ndiyo maana kipindi kirefu, hasa cha picha ya HD, huweza kukatika au kugawanywa vipande. Hiyo si dalili kwamba kifaa kimeharibika.

Kurekodi

Weka stesheni unayotaka, kisha bonyeza kitufe chenye alama nyekundu au herufi REC kwenye rimoti. Ukimaliza, bonyeza kitufe cha kusimamisha na usubiri kidogo kabla ya kuchomoa flashi. Umeme ukipotea katikati, faili inaweza kukataa kufunguka.

Kurekodi ukiwa haupo

Hapa ndipo wengi hukosea. Kwanza, hakikisha saa ya king'amuzi imewekwa GMT+3. La sivyo kinaweza kuanza kurekodi mapema au kuchelewa. Pili, king'amuzi hakihesabu saa za Kiswahili. Taarifa ya habari ya saa moja jioni huandikwa 19:00, na ya saa tatu usiku huandikwa 21:00. Tatu, kizime kwa rimoti pekee. Ukizima swichi ya ukutani, hakitaamka.

Kutazama ulichorekodi

Ingia kwenye menyu ya USB, chagua orodha ya rekodi, kisha bonyeza OK. Unaweza pia kuchomeka flashi kwenye kompyuta. Faili nyingi huishia na .ts au .mts, na programu ya kawaida ya video inaweza kuzikataa. Jaribu VLC, ambayo hupatikana bila malipo.

Rekodi za stesheni za kulipia ni suala tofauti. Mara nyingi hufungwa kwa siri na huchezeka kwenye king'amuzi kilichozirekodi pekee. Kikiungua, rekodi hizo zimepotea hata kama flashi ni nzima.

Weka nakala mbili

Ikiwa mzee wa familia alihojiwa kwenye televisheni, au mtoto wenu aliimba kwenye tamasha la muziki, msisubiri. Nakilini rekodi hiyo kwenye kompyuta na kwenye flashi ya pili, kisha mjaribu kuicheza mahali pengine kabla ya kufuta ya kwanza. Wakazi wasio na kompyuta wanaweza kusaidiwa kwenye saiba iliyo karibu.

Kumbuka, rekodi ni za matumizi ya nyumbani. Kuziuza au kuzisambaza bila idhini ya mwenye kazi ni kukiuka Sheria ya Hakimiliki.