Magari ya Zamani ya Nyanda za Juu (4): Kuvalisha Flaiwili Ringi Mpya

Sehemu iliyopita tuliishia kwenye stata: brashi za kaboni, bushi na bendeksi. Lakini lipo gari ambalo hata baada ya kazi hiyo yote bado linasumbua. Leo linawaka mara moja, kesho stata inalia na kusaga chuma bila injini kutikisika. Mkiliweka gia ya nne na kulisukuma hatua moja mbele, kisha ukajaribu tena, linawaka. Gari la namna hiyo lisirudishwe kwa fundi umeme. Ugonjwa umeshaingia ndani, kwenye ringi ya meno iliyovalishwa flaiwili, na hautibiki bila kushusha gia boksi.

Injini inapozimwa haisimami ovyo. Pistoni inayopanda inabana hewa, hewa ile inaisukuma irudi, na krenki inatulia pale nguvu zinapolingana. Injini ya silinda nne, kama ile ya sentimita za ujazo 2,286 iliyomo kwenye Land Rover 109 nyingi tulizo nazo, hutulia karibu kila mara katika sehemu mbili tu za mzunguko, zinazotazamana. Kwa hiyo pinioni ya stata inagonga meno yale yale kila asubuhi kwa miongo, na mengine hayaguswi kwa kishindo hata kidogo. Injini ya silinda sita huwa na sehemu tatu za namna hiyo. Pitisha kidole kwenye ukingo wa flaiwili ya silinda nne iliyotolewa, nawe utazikuta sehemu zake mbili: meno machache yamelika mpaka yamechongoka, kisha safu ndefu ya meno yenye kingo safi, kisha tena yaliyolika, upande wa pili kabisa.

Huku kwetu jambo hili lina uzito wake. Mji wa Mbeya uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Iringa haiko chini sana ya hapo, na asubuhi za Juni na Julai kule Uporoto, Makete na Mufindi kila mkazi anazijua. Oili inakuwa nzito, betri inalegea, stata inavuta mzigo mkubwa kuliko ambao ingeuvuta Kyela au Dar es Salaam. Mwenye ringi mbovu huzoea kulaza gari mteremkoni ili alfajiri aliachie lishuke na kuwaka. Mazoea haya siyapendi hata kidogo. Breki ya mkono ya Land Rover za zamani haishiki magurudumu. Inashika shafti inayotoka nyuma ya gia boksi. Ekseli shafti moja ya nyuma ikikatika, breki ile haina tena cha kuzuia, na gari lililoachwa juu ya nyumba za watu linaondoka lenyewe.

Dawa ninayoikuta mara nyingi ni kuchomelea. Fundi anajaza meno yaliyolika kwa welding, anayachonga kwa grainda, basi. Au anapata ringi isiyobana vizuri, anaipachika na kuipiga nukta nne za moto ili isizunguke. Yote mawili yanaharibu. Meno ya ringi yamekomazwa kwa joto maalumu kiwandani, na moto wa kuchomelea unaufuta ukomavu huo kwa meno ya jirani pia. Flaiwili nyingi za magari haya ni chuma cha kumimina, kile mafundi wanachokiita kasti, nacho hupasuka kikichomelewa kwa haraka. Isitoshe, flaiwili inazunguka maelfu ya mara kwa dakika, inchi chache kutoka miguuni mwa dereva. Uzito wowote wa upande mmoja unaitikisa injini nzima, na ufa wowote ni hatari kwa maisha. Land Rover ya mwisho ya Series III ilitoka kiwandani mwaka 1985. Flaiwili iliyomo ndani ya gari lako ni mali ya kutunzwa.

Kabla ya kununua ringi mpya, ipo njia ya nafuu ambayo wazee wa gereji waliijua na vijana wengi hawajaonyeshwa. Kwa kuwa kwenye injini ya silinda nne meno yaliyolika yako sehemu mbili zinazotazamana, ringi ya zamani ikitoka nzima inaweza kupashwa joto na kurudishwa ikiwa imezungushwa robo ya duara. Nusu ya duara haisaidii, kwani ubovu utarudi palepale ulipokuwa. Robo inaweka meno mazima mahali injini inaposimama. Hii inafaa tu kama yaliyolika hayajavunjika, maana bado yatapita mbele ya pinioni injini inapozungushwa.

Ukiamua kununua, nenda na ringi yako mkononi. Hesabu meno mawili mawili ukitia alama ya chaki, maana jino moja likizidi au kupungua, pinioni haitaingiliana nayo sawasawa. Pima kipenyo cha ndani kwa venia, kisha kipenyo cha kalio la ringi kwenye flaiwili. Ringi iliyo sahihi ni ndogo kuliko kalio lake kwa sehemu chache za kumi za milimita. Ikiingia kwa mkono ikiwa baridi, si yake, irudishe dukani.

Halafu tazama upande. Ncha za meno zimekatwa mshazari upande mmoja ili pinioni iingie bila kugonga. Wengi hudhani mshazari lazima utazame stata. Stata za Lucas za mtindo wa bendeksi, zilizofungwa kwenye magari mengi ya Kiingereza, ziko za aina mbili. Katika aina moja pinioni inarushwa kwenda mbali na mota. Katika nyingine imekaa ng'ambo ya ringi na inavutwa kurudi kuelekea mota. Mmarekani Vincent Bendix, ambaye jina lake limebaki midomoni mwa mafundi wetu, alitumia nguvu rahisi sana: mota inapoanza kuzunguka ghafla, pinioni nzito inachelewa, na uchelewaji huo unaifanya itambae kwenye uzi wa shafti mpaka ikutane na ringi. Uzi ukikatwa kinyume, inatambaa kinyume. Kwa hiyo usikisie. Kabla ya kuvunja ringi ya zamani, piga alama ya msumari kwenye flaiwili na uandike upande gani mshazari ulitazama.

Ya zamani hutolewa kwa drili na tindo. Toboa tundu katikati ya meno mawili, bila kuigusa flaiwili. Ifunge kwenye jiriwa lenye taya laini, ifunike kwa gunia au kitambaa kizito, vaa miwani, kisha weka tindo juu ya tundu na upige nyundo mara moja kwa nguvu. Ringi ile imekaa na mkazo kwa miaka mingi. Inapopasuka, vipande huruka. Kalio lisafishwe kwa brashi ya waya mpaka ling'ae. Punje moja ya kutu inatosha kuikalisha ringi mpya upande.

Sasa joto, na hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika. Wapo wanaoamini kuwa ringi ikipashwa tundu lake linasinyaa, kwa kuwa chuma kinavimba kuelekea ndani. Fikiri ringi imekatwa na kunyooshwa iwe ufito. Ufito ukipata joto unarefuka. Ukiukunja tena, duara lake ni kubwa zaidi, ndani na nje. Ringi ya kipenyo cha milimita 300 ikipandishwa joto kwa nyuzi 200 za Selsiasi inaongezeka karibu milimita 0.7. Nafasi hiyo inatosha kabisa. Vitabu vya watengenezaji havilingani kiwango. Vingine vinataka 170 na kitu, vingine hadi 250. Mwenye kitabu cha gari lake akifuate. Asiye nacho asivuke 250, kwa sababu juu ya hapo meno yanaanza kupoteza ugumu.

Mahali pazuri kuliko pote pa kupata joto hilo katika miji yetu ni tanuri la mikate. Mkate huokwa kwenye nyuzi 200 na kitu, joto linazunguka pande zote sawa, na kipimo kipo mlangoni. Ringi ioshwe mafuta yote kwanza kwa heshima ya mwokaji, ikae ndani nusu saa na zaidi baada ya mikate kutoka. Flaiwili ipelekwe hapohapo. Ukiikimbiza ringi kwa bodaboda mpaka gereji, imeshapoa. Wakati wa kipupwe iache flaiwili nje usiku, ndani ya mfuko mkavu. Ikipoa nyuzi 15 chini ya joto la chumba, inapungua karibu nusu ya sehemu ya kumi ya milimita, na hiyo ni nafasi ya bure.

Ikibidi kutumia gesi, ilaze ringi juu ya matofali, ung'arishe sehemu chache kwa msasa, na mwali usisimame hata mara moja. Gusa chuma kwa waya wa kulehemu wa mafundi redio, ule wa bati na risasi. Ukiyeyuka kila mahali, umepita nyuzi 185 hivi. Endelea taratibu mpaka sehemu zilizosuguliwa ziwe na rangi ya nyasi kavu iliyopauka, kisha acha. Rangi ya kahawia ni onyo. Bluu maana yake ringi imeungua.

Watu wawili, glavu nene, koleo mbili, flaiwili imelazwa sawasawa. Ringi inashushwa bila kuinama na inaanguka kwenye kalio lake kwa mlio mmoja mzito. Isipofika chini, una sekunde chache za kuigonga kwa kipande cha shaba pande zote kabla haijashika. Ikishashika, iache. Asitokee msaidizi mwenye ndoo: maji yanakivuruga chuma na kuleta nyufa ambazo hazionekani leo. Iachwe ipoe yenyewe, hata ikichukua saa nzima.

Ikipoa, pitisha fila geji kati ya ringi na bega la flaiwili kuzunguka kote. Ifunge kwenye krenki kwa boliti safi na vizuizi vipya, kisha funga kipande cha waya kwenye bloku kielekee meno, uzungushe injini kwa hendeli huku ukitazama nafasi kati ya waya na ringi. Nafasi ikipanuka na kubana, ringi imekaa upande, na kazi inarudiwa. Ikiwa sawa, rudisha stata na ujaribu hapohapo, kabla gia boksi haijapanda.

Gia boksi yenyewe isiharakishwe. Ikiwa iko chini, sahani ya klachi na beringi ya kuachia ziko wazi mbele yako, na hizo ndizo tutakazozipima sehemu ijayo.