AKIUMIA KAZINI, NANI WA KUMTIBU?

Dodoma ni mji wenye kazi nyingi za umma. Mitaro hainabudi kuzibuliwa kabla ya mvua za Desemba, miti ipandwe katika ardhi kame, na viwanja vya zahanati vifagiliwe. Kazi za namna hiyo ndizo wanazoweza kuamriwa kuzifanya wakosaji ambao kifungo chao kisingezidi miaka 3, chini ya Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002.

Utaratibu huu tunauunga mkono. Mkosaji hulala kwake, watoto wake hawakosi mlezi, magereza hupunguziwa msongamano, na umma hufaidi jasho lake bila ya ujira.

Lakini jasho hilo lina hatari zake. Tuseme mtu anazibua mtaro, kingo zikaporomoka, akavunjika mguu. Nani wa kumtibu? Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inamlinda mwajiriwa, na fidia yake hukadiriwa kwa kipato chake. Huyu hana mkataba wala mshahara. Hubakiwa na njia ya kudai mahakamani kwamba palikuwa na uzembe. Na mdaiwa akiwa ni Serikali, hana budi kutoa notisi ya siku 90, kisha afungue shauri Mahakama Kuu. Kwa mtu aliyehukumiwa kwa kosa dogo, naye amelala kitandani, safari hiyo ni ndefu mno.

Sheria hizo ni za Tanzania Bara, lakini ndugu zetu wa visiwani wanaoishi, kusoma au kufanya kazi Dodoma wamo chini yake. Tena swali lenyewe halina bara wala kisiwa.

Tunasema hivi: mahakama ilimhukumu kufanya kazi, haikumhukumu ulemavu. Mwajiriwa aweza kuikataa kazi ya hatari na kwenda zake. Huyu akikataa, gereza linamngoja. Anayemlazimisha mtu kufanya kazi hana haki ya kumpa hifadhi pungufu kuliko ya yule aliyejitolea kwa mshahara.

Kwa hiyo tunawaomba wahusika waiandike hifadhi hiyo katika sheria kwa maneno yasiyo na utata. Wakati tukingojea, kila ofisi inayopokea watu hawa iwape viatu na glovu, iwawekee msimamizi, na ikubali kwa maandishi, kabla jembe halijainuliwa, nani atagharimia matibabu. Wino huo ni rahisi kuliko mguu wa mtu.